Damu Iliyobaki Kwenye Friza

Mpimaji wa zahanati alizoea kutaniana na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye hakukubali kushindwa kwa maneno. Kwa hiyo shemeji alipoingia maabara akitetemeka, mpimaji alidhani ni mzaha mpaka alipomgusa paji la uso.

Alimtoa damu, kisha akasita. Kampuni mbili zilikuwa mahakamani zikigombania hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya kipimo cha homa iliyoenea mwaka ule. Kila moja ilidai ndiyo iliyogundua kwanza namna ya kuitambua kwa protini ya kirusi. Mpaka hukumu itoke, vipimo vilipigwa marufuku.

"Yaani wanagombania kirusi?" shemeji alicheka. "Basi waje wakichukue, ninacho hapa."

"Nenda kapumzike, shemeji. Huenda ni malaria tu," mpimaji alisema, akiiweka ile damu kwenye friza.

Shemeji alizikwa kabla kesi haijaisha. Kampuni zilipopatana, vipimo vilevile vikaruhusiwa. Mpimaji aliitoa ile damu kwenye friza, akadondosha tone. Mstari mwekundu ulijitokeza upesi, kana kwamba ulikuwa ukimngoja. Dawa ya homa hiyo, isiyotolewa bila kipimo, muda wote ilikuwa imejaa chumba cha pili.

Tangu hapo, akisikia mtu anacheka kwenye benchi la wagonjwa, huchungulia. Huwa ni mtu mwingine.

Jioni moja mkewe alimuuliza, "Hivi mdogo wangu alikufa kwa nini hasa?"

Alimweleza yote. Mkewe hakulia wala hakumlaumu. Aliuliza tu kama ile damu bado ipo, ili waende kuichukua wakaizike.