Kombe Nililomwandikia Kaka

Siku niliyofika chuo cha Kurani, Kilwa Kivinje, nilichekwa kabla sijatua mzigo. Nilitoka Mitole kwa miguu, na mama alikuwa amenifungia ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoichemsha kwetu. Wanachuo wenzangu, watoto wa mjini, wakaniuliza kama kwetu tunagombania chakula na nguruwe. Niliitupa yote nyuma ya choo.

Mji ule ulinishinda mapema. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi. Wali tulikula sinia moja watu sita, na mimi niliyezoea kula taratibu nilibaki kulamba vidole. Kiswahili changu kilijaa Kimatumbi, basi nikifungua mdomo tu kuna mtu ananiigiza. Nilichota maji, nilifagia uwanja, nilisaga masizi ya wino. Nilimlilia mama, tena si mara moja, ila sikumwambia mtu.

Lakini kwa mwandiko sikuwa na mpinzani, na nilijua hivyo. Mwalimu alikuwa akiwaandikia wagonjwa kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha anaziosha kwa maji, mgonjwa anakunywa. Kazi hiyo alitukataza kuigusa mpaka tuhitimu na yeye mwenyewe atupe ruhusa. Mimi nilikuwa sijafika hata nusu ya msahafu.

Ndipo kaka akaja. Baba alikufa zamani, na huyu ndiye aliyebaki na mama; ndiye aliyelima pamba ya Mjerumani zamu yake na yangu ili mimi nisome. Alifika baada ya alasiri, miguu imepasuka, mwalimu amekwenda mazikoni. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kizingitini. Hakutaka kuingia ndani na vumbi lake.

Akanieleza kwamba huko kwetu kumechafuka. Watu wameng'oa pamba, vijana wanakunywa maji ya dawa, wanaambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Yeye hakuyanywa, kwa kuwa hakuyaamini, nao wanamwita mwoga. Akaniuliza kama mwalimu atakubali akae pale, apasue kuni, achote maji, kisha amlete na mama mpaka mambo yatulie.

Mwalimu angekubali. Namjua, angekubali. Lakini niliona wanachuo wawili wanachungulia na kuicheka kaniki ya kaka iliyochanika. Nikawaza kwamba sasa tutakuwa watatu wa kuigizwa. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu, Mungu anisamehe.

Nikamwambia, "Ya nini kujificha, kaka? Mimi ninaandika kombe. Ukinywa langu, risasi haikugusi."

Akanitazama sana. "Umefika huko, mdogo wangu?"

"Nimefika."

Lo, uso wake ulivyofurahi! Nikaingia chumbani kwa mwalimu bila ruhusa, nikachukua sahani na zafarani. Sijawahi kuandika vizuri kama siku ile. Kaka akaishika sahani kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, ndipo akakumbuka kwamba hakusema bismillahi. Tukacheka. Akaondoka jioni ile ile, anatembea kama mtu aliyetua mzigo.

Vita vilipopamba moto, askari walikuwa wakiwaleta mateka mjini wamefungwa minyororo shingoni. Kila walipopita nilitoka kuwatazama nyuso, mmoja mmoja. Uso wa kaka sikuuona.

Aliyekuja ni mama, vita vimekwisha, njaa imeshika kila mahali. Sikumtambua mpaka aliponiita. Mwalimu akampa uji, akatuacha, akaenda kusali. Mama akanisimulia bila kulia, machozi yalikuwa yamemwishia njiani. Kaka alipotoka Kivinje hakukaa nyuma tena. Maji ya wenzake aliyakataa, akasema yeye amekingwa na mdogo wake, msomi, kisha akatangulia mbele ya wote. Ndiye aliyepigwa risasi wa kwanza.

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka, na maneno nilikuwa nayo: mama, sikuwa na ruhusa, mama, alikuja kuomba pa kukaa. Akauchukua mkono wangu wa kuume, huu ninaoandikia, akaulaza mapajani mwake.

"Usijilaumu, mwanangu," akasema. "Alisahau bismillahi. Aliniambia mwenyewe, tena kwa kucheka. Kosa ni lake, si la kombe lako."

Nikamwachia marehemu lile kosa, na hata leo hajalitua.

Kisha mama akasema ana homa tangu njiani, nimwandikie na yeye. Kukataa kungekuwa ni kumwambia. Nikaileta sahani, nikaandika, nikaosha. Akaishika kwa mikono miwili, kama kaka. Akasema bismillahi kwa sauti, nisikie kwamba hakusahau, akanywa yote.