Kamati ya Masomo ya Binti Yangu

Muhtasari wa kikao kile ninao bado, kwenye kaunta buku, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba. Nikiusoma naona aibu, ila haki ni haki, siwezi kuuchana.

Binti yangu alikuwa amemaliza chuo cha kati na kupokelewa chuo kikuu hapa Toronto, mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo. Alipewa hadi Ijumaa kupanga masomo ya miaka miwili iliyobaki. Akikosea mpangilio, mwaka mzima umepotea. Kaka yangu akasema jambo zito kama hilo haliachiwi mtu mmoja, iundwe kamati. Alikuwa ameshaongoza kamati nne za harusi, na sitaki kumsengenya, ndoa zote nne zipo.

Basi Jumapili baada ya ibada tukakutana kwetu Brampton, kwenye chumba cha chini tulichopanga: kaka mwenyekiti, mimi katibu, na wajumbe wawili wa kanisani, mtu na mkewe. Mwanafunzi mwenyewe nilimwandika mwalikwa, asiye na kura.

Alikuwa amebandika kwenye friji karatasi yenye majina ya masomo na mishale kibao. Tatizo lilikuwa somo moja la hesabu alilolisoma chuo cha kati, chuo kikuu kikalikataa; alirudie. Mume yule, dereva wa lori, akashauri lisogezwe mwaka wa mwisho, mtoto akiwa ameshazoea mazingira. Mkewe akaongeza kwamba hata kwenye harusi hatuanzi na keki. Ilionekana hoja nzuri. Mpaka leo sijui kwa nini ilionekana hoja nzuri.

Binti akaanza kueleza, kwa Kiingereza kama watoto wa huku, kwamba somo hilo ndilo linalofungua mengine. Mwenyekiti akamwambia mwalikwa apitishe maneno yake kwa mwenyekiti. Akayapitisha. Haikusaidia. Ikapigwa kura, mikono mitatu juu, na wa nne wangu. Niliandika: "Mwanafunzi hakuafiki. Katibu aliwafuata wengi."

Alhamisi, nikisubiri chai ichemke, niliifuata ile mishale kwa kidole. Popote nilipoanzia, nikirudi nyuma naishia kwenye hesabu ile ile. Mimi kazi yangu ni kupanga mizigo ghalani. Najua boksi la chini haliwekwi mwisho. Nikampigia kaka. Hakubisha, nampa haki yake, ila alisema azimio la kikao hufutwa na kikao. Enzi hizo makundi ya simu yalikuwa hayajaanza, akawapigia wajumbe mmoja mmoja, na jioni hiyo hiyo akidi ikatimia.

Tulianza na yatokanayo na kikao cha Jumapili. Nikasimama, nikasema nilikosea. Hakuna aliyenipinga. Mwenyekiti akaagiza mwanafunzi awahi kesho asubuhi kuandikisha hesabu kabla nafasi hazijajaa.

"Nilishaandikisha Jumatatu," akasema binti, kwa Kiswahili kilichonyooka, asije mtu akasema hakuelewa.

Kaka akavua miwani. "Kikao Jumapili, wewe Jumatatu?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akaitazama friji. "Katibu, andika: kikao kimeridhia."

Niliandika. Ila pembeni nikaongeza, kwa herufi ndogo, maana sikuwa na hakika kama katibu anaruhusiwa: "Mwalikwa aliridhia tangu Jumatatu."