Reli ya Mianzi na Turubai la Mama

Wenzangu mliokua wakati kizibo cha soda ni mali, ninyi hamtanishangaa. Likizo ya Juni kule kwetu Hasamba, Mbozi, baridi ikiwa ya kuvaa masweta mawili, mimi nilizunguka na mfuko wa vizibo ukilia chakachaka, nikimngoja Chanda. Chanda ni mtoto wa mama mdogo, yule mdogo wake mama aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia. Kaka zangu walikuwa wameshaondoka nyumbani, kwa hiyo miezi mingine yote nilicheza na kuku. Akija Chanda, nyumba inachangamka. Hata viazi vitamu vya jana na chai ya mchaichai vilikuwa na ladha nyingine nikila naye.

Mchezo wetu ulikuwa reli. Si ya kuchora chini kwa kidole, jamani, reli yenyewe. Tulipasua mianzi, tukazilaza fito zake mbilimbili juu ya mataruma ya mabua ya mahindi, kutoka mlango wa jikoni, ambao ndio ulikuwa Nakonde, mpaka kwenye pipa la maji, ambalo ndilo lilikuwa Mlowo. Mabehewa yalikuwa makopo ya samaki, magurudumu vizibo, na ekseli zilitoka kwenye sipoku za baiskeli iliyojifia. Chanda alivuta treni yake kwa kamba kutoka jikoni. Mimi nilitoka kwenye pipa na yangu, imejaa kahawa.

Shida ni kwamba njia ilikuwa moja, treni mbili, na wenye treni wote wabishi. Siku ya kwanza tulikutana katikati, hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Treni ziligongana, kisha na sisi tukashikana mashati. Mama alitutenganisha kwa mikono yenye utelezi wa kahawa, akasema, "Mkishikana tena, kesho yake Chanda anarudi kwao, namvusha mpaka mwenyewe. Nina kahawa ya kuanika, sina mgambo wa kuwalinda."

Mama hakuwa mtu wa kutisha bure. Jioni ile kande lilinikaa mdomoni kama mchanga. Nilijiona nimebaki tena na kuku wangu.

Aliyetupa njia ni Chanda, kwa sababu kwao wanakaa karibu na reli ya kweli. Akanieleza kwamba treni hazipigani. Moja inaingia reli ya pembeni, inatulia hapo mpaka mwenzake apite, halafu inarudi njia kuu. Asubuhi tukaanza kujenga reli ya pembeni.

Mwanzoni tuliikata kona kali kama ya ukuta. Kopo la mbele liligeuka, yaliyofuata yakaanguka moja baada ya jingine kama walevi wanaotoka kilabuni, na fito zikapasuka. Mama alikuwa anapita na beseni lake, akasema tu, "Loweka kwanza," kama alivyofanya yeye mwanzi wa kuzungushia nyungo. Tukaloweka. Tukapigilia kigingi, tukafunga kamba, tukazunguka nayo tukichora, ikatoka kona pana ya taratibu. Pale njia zinapoachana tuliweka kipande kifupi cha mwanzi, tukakifunga kwa mpira wa baiskeli, unakisukuma huku au kule. Makopo yakaingia kwenye kona bila kuyumba. Tulishangilia mpaka mbwa wa jirani wakaitikia.

Kumbe kona pana inakula uwanja. Baada ya kupinda kuingia na kupinda kutoka, katikati ilibaki nafasi ya makopo matatu, na treni ya Chanda ilikuwa na matano. Nikamwomba apunguze.

"Awe, Sekela," akakataa kwa Kibemba chake, "treni ya Nakonde haikatwi."

Akaingia nayo hivyohivyo. Mkia ukabaki njia kuu, nami nikaja kwa kasi nikaugonga, kahawa ikamwagika yote. Tulisimama tukitazamana, ngumi tayari. Nakumbuka macho yangu yalikuwa zaidi kwenye mlango wa jikoni, yaani Nakonde, kuliko usoni kwake. Na yeye alikuwa anatazama hukohuko. Kisha akakaa chini, nami nikakaa.

Tulipima treni yake kwa kijiti. Reli ya pembeni ilihitaji kurefushwa, na sehemu pekee ya kurefushia ilikuwa chini ya turubai la kahawa la mama. Mnaotoka Mbozi mnajua maana yake. Turubai lile lilikuwa ada, sukari na sare za shule. Hata kuku walijua hapakanyagwi.

Nilikwenda kumwomba. Mama alinisikiliza akiendelea kugeuza kahawa. Akaja kuitazama reli yetu, akainama, akaisukuma treni kidogo kwa kidole.

"Nikiwapa hiyo nafasi, hamtagombana?"

"Hatutagombana, mayo," akajibu Chanda kabla yangu, akimwita mama kwa Kibemba.

Mama akashika ncha ya turubai, akatuambia tushike upande wa pili, tukavuta. Akatupa na sheria: mwenye mzigo apite, mtupu angoje. Msimu ule wote kahawa yake ilibanana, ikabidi aigeuze mara nyingi zaidi ili ikauke. Wakati ule sikuona kwamba ni kazi. Leo naanika ya kwangu, mgongo unanieleza, nami namshukuru mama kila ninapoinama.

Chanda alikaa mpaka shule zikafunguliwa, na akaja likizo nyingine nyingi. Mianzi ilipooza, mama alipanda mchaichai palepale ilipopita reli, ukifuata mpaka kona ya reli ya pembeni. Mpaka leo mstari wake unatoka jikoni umenyooka, unatuna katikati, kisha unarudi. Wageni hudhani aliyepanda alikuwa na usingizi.

Wanangu wana treni kwenye simu. Zikigongana wanabonyeza, mchezo unaanza upya. Nikiwasimulia vizibo na kuloweka mianzi wananiuliza, "Mama, mbona mlikuwa mnajitesa?" Nacheka. Sisi hatukuwa na pa kubonyeza. Ukimgonga mwenzako, mwenzako anavushwa mpaka, unabaki na kuku.

Juni iliyopita Chanda alikuja, kidevu kimejaa mvi. Nilikuwa natoka jikoni na sinia la chai na viazi, yeye anatoka kwenye pipa kunawa mikono. Tulipokaribiana aliingia pale mchaichai unapotuna, akasimama wima, mikono mitupu.

"Pita," akasema.

Nikapita na mzigo wangu. Mama, ambaye siku hizi hawezi tena kuinama, alikuwa anatutazama kutoka kwenye kiti chake kando ya turubai.

"Hamjagombana?" akauliza.

"Hatujagombana, mayo," akajibu Chanda, kabla yangu.