Habari Aliyopanda Nayo Blandina

Katika nyumba za Mbulumbulu zinazopakana na msitu, ya Blandina ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Nyuma ya shamba lake la ngano palikuwa na mfereji, nyuma ya mfereji ikaanza miti mikubwa yenye ndevu, na katika miti hiyo walitokea wanawake wa Kimaasai na punda wao, wakishuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro kutafuta mahindi. Mmoja wao alikuwa Naishorua.

Urafiki wao ulianza siku Naishorua alipofika na homa kali, hawezi hata kufungua mzigo mgongoni mwa punda. Blandina alimlaza kitandani kwake na kumnywesha uji mpaka akapata nguvu. Safari iliyofuata Naishorua alishuka akiswaga kondoo jike, akamkabidhi. Kwa desturi ya kwao, aliyetoa kondoo na aliyepokea huitana Paker, na tangu hapo wawili hao hawakuitana vinginevyo. Kiswahili cha Naishorua kilikuwa cha mnadani, cha Blandina cha shule ya misheni aliyoiachia njiani. Kilichopungua walikijazia kwa mikono na kicheko.

Kila aliposhuka walikaa jikoni wakipeana habari: nani kaoa, ng'ombe gani kazaa, mvua imenyesha wapi. Mwaka wa themanini na mbili habari kubwa ilikuwa baridi. Tangu mwezi wa sita ukungu uligoma kunyanyuka. Ngano ilisimama shambani imeiva na kulowa, haivuniki, na nguo zote zilinuka moshi kwa kuanikwa juu ya mafiga. Naishorua alifika akitetemeka chini ya blanketi mbili, lakini uso wake uling'aa. Mkwewe Sintamei, mke wa mwanawe wa kwanza, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mwezi wa saba wangempa jina, naye alitaka Blandina apande na familia nzima, wale, wanywe, walale.

Kisha, kati ya habari nyingine ndogo ndogo, alisema kwamba nyati wa mwaka ule walikuwa wa ajabu. Walisogea karibu na boma mchana kweupe, wakasimama tu, hawakimbii watu. Watoto waliwacheka.

"Labda nao wanasikia baridi," alisema, akanyoosha kikombe aongezewe chai.

Wilibrodi, mume wa Blandina, hakuwa mtu wa matembezi. Ila mwaka ule, kwa kuwa shamba lilikuwa halimhitaji mpaka jua litoke, alikubali. Blandina akafunga maharage, sukari na khanga mpya ya mtoto. Binti yao Cresensia, aliyekuwa hajawahi kuuvuka msitu, alisugua viatu vyake vya shule kisha akavibeba mkononi visichafuke njiani. Kitinda mimba, Yohani, alikwenda mgongoni mwa mama yake.

Waliingia msituni asubuhi, ukungu ukiwa mzito hata aliyetangulia alionekana kama kivuli. Mwanzoni Cresensia aliuliza hili na lile. Walipozidi kupanda aliacha kuuliza. Ndege walikuwa kimya. Hewa, ambayo kwa kawaida hunukia majani mabichi na udongo, ilianza kuwa na harufu nyingine, hafifu kwanza, halafu nzito hadi Blandina akamfunika Yohani pua kwa ncha ya khanga.

Kwenye kijito cha juu waliwaona. Nyati mmoja alilala mdomo ukiwa majini. Mwingine alikuwa juu kidogo, amevimba, na wengine walionekana kwenye majani kila ukungu ulipofunguka. Hawakuwa na jeraha la mkuki wala la jino la simba. Macho yao yalikuwa yamegandamana kwa machozi, na miguu ya nyuma ilichafuka kwa kuhara. Mmoja alikuwa bado hai. Alisimama pembeni mwa njia, kichwa chini, akihema kwa mdomo, mate yakining'inia mpaka kwenye nyasi. Wilibrodi aliinua panga, akijua panga si kitu kwa nyati, akawapitisha watu wake nyuma ya miti mmoja mmoja. Mnyama hakugeuza hata sikio. Hilo ndilo lililomtisha Blandina kuliko yote.

Walipokwisha kufika mbali Wilibrodi alisimama, akasema kwa sauti ya chini, "Tuendako wanampa mtoto jina. Mgeni haingii kwa watu na maiti mdomoni. Tutakula, tutashukuru, tutarudi. Umenisikia, Mama Cresensia?"

Blandina alimsikia, na aliona mumewe ana haki.

Bomani walipokelewa kwa nyimbo. Kondoo alikuwa ameshachinjwa. Mtoto alipakatwa na Blandina, akavikwa khanga, akafungua macho yake meusi na kumtazama kama anayemfahamu. Wangemwita Naeku. Sakaya, mume wa Naishorua, mzee mrefu asiyesema sana, alimpa Wilibrodi kigoda karibu na chake na kumuuliza habari za njia. Wilibrodi akajibu kwamba njia ni nzuri, ila baridi.

Blandina alijitahidi kufurahi. Alikula, akacheka wenzake walipocheka. Ndipo alipotazama nje ya mlango wa nyumba akaona ndama wa boma wakirudi kutoka kunywa maji, midomo imelowa, wakisukumana langoni. Aliuliza wananyweshwa wapi. Naishorua akamwonyesha kwa kidevu upande wa msitu, kwenye mkondo unaotoka kwenye kile kijito.

Blandina alirudisha kipande cha nyama kwenye sahani. Alimwangalia mtoto aliyelala mapajani mwa Sintamei, halafu akamsogelea rafiki yake na kumwambia yote aliyoyaona, taratibu, bila kuongeza neno.

Naishorua aliinuka, akatoka, akarudi na Sakaya. Mzee aliinama kuingia, akakaa karibu na moto, akamwomba Blandina aanze tena. Aliuliza kuhusu macho. Aliuliza kuhusu mate. Alipokwisha kusikia alisema neno moja la Kimaasai, olodua, na wanawake waliokuwa wakiimba mlangoni walinyamaza. Ni ule ugonjwa ambao Waswahili huuita sotoka. Babu yake Sakaya alikuwa mtoto ulipopita zamani, ukaacha maboma yasiyo na ng'ombe wala watu.

Sakaya alimgeukia Wilibrodi, aliyekuwa amesimama nje. "Wewe uliniambia njia ni nzuri."

Jina halikutolewa. Vijana walitumwa kijitoni, wakarudi nyuso zimebadilika, na kabla jua halijazama boma lile lilianza kuvunjwa. Sakaya aliamua kuwahamisha ng'ombe kwenda upande wa pili, mbali na msitu na maji yake, kwenye tambarare iliyo wazi ambako upepo wa baridi haukosi. Majirani wa maboma ya karibu walikataa. Walisema hawawezi kukimbia kwa maneno ya mwanamke wa bondeni, tena aliyetamka kifo siku ya mtoto. Blandina aliwaona wakimtazama. Mmoja alitema mate chini alipopita. Punda walipakiwa ngozi na vibuyu, Sintamei akamfunga mtoto kifuani, na msafara ukamezwa na ukungu, kengele za ng'ombe zikisikika muda mrefu baada ya watu kutoonekana.

Familia ya Blandina ilirudi kesho yake kwa njia ndefu ya barabarani, kwa sababu hakuna aliyetaka kuona tena kile kijito. Wilibrodi hakumkemea mkewe. Alinyamaza tu, na ukimya wake uliendelea mpaka ngano ikavunwa.

Mwezi wa nane habari zilishuka na wanawake wa punda. Maboma yaliyobaki karibu na msitu yalikuwa yananuka kama kijito kile. Bwana mifugo alipita Mbulumbulu akichanja, na ng'ombe wa Wilibrodi walisalimika. Lakini wanawake wale walipita nyumba ya Blandina bila kusimama, na mmoja alimwambia Cresensia kwamba huko juu mama yake anasemwa ndiye aliyeupeleka ugonjwa. Naishorua hakuonekana. Kila jioni Blandina alipokwenda kukata majani alitazama mdomo wa msitu, akarudi ndani.

Naishorua alikuja mvua za vuli zilipoanza, peke yake, bila punda. Alikaa mahali pake jikoni. Alikuwa amekonda. Blandina alimpa chai na hakuthubutu kuuliza.

"Paker," alisema Naishorua, "ng'ombe wapo. Mtoto hayupo."

Ulikuwa ule upepo wa tambarare. Mtoto alianza kukohoa siku ya pili, kabla nyumba mpya haijakandikwa, na zahanati ilikuwa mbali mno. Naishorua alieleza bila kulia. Alisema Sakaya hukaa akiwatazama ng'ombe wake, ambao majirani zake hawana. Sintamei naye haongei na yeye, mama mkwe wake, zaidi ya salamu.

Blandina alitaka kuomba msamaha, lakini hakujua aombe kwa lipi, kwa kusema au kwa kuchelewa kusema. Akabaki ameshika sufuria. Naishorua alimwacha hivyo, akanywa chai yake mpaka ikaisha. Ndipo alipotoa lililomleta. Sintamei alikuwa mjamzito tena, na mtoto angekuja wakati wa baridi. Naishorua alitaka azaliwe hapa, katika nyumba hii yenye moto na zahanati karibu.

"Yeye mwenyewe anataka?" Blandina aliuliza.

"Hataki. Atakuja."

Sintamei aliletwa kabla ukungu wa mwaka uliofuata haujashuka. Alipewa kitanda cha Cresensia, akasaidia kazi, akasema machache. Blandina alilala kwa kusikiliza, akiamka kwa kila kikohozi ndani ya nyumba. Mtoto wa kiume alizaliwa salama, na alipotimiza mwezi, jua likatoka siku kadhaa mfululizo. Naishorua alifika kuwachukua.

Blandina aliwasindikiza kupita shamba la ngano mpaka mferejini. Hapo Sintamei aligeuka na kumngoja, kama anayetegemea avuke nao. Blandina alimfunika mtoto vizuri kichwani, akarudi nyuma hatua moja. Hakuvuka, maana huko juu bado alisemwa ndiye aliyeupeleka ugonjwa. Alisimama mpaka miti ilipowafunika, kisha akaendelea kusimama, akisikiliza kama leo ndege wanalia.