Picha ya Mkono wa Dada Yangu

Siku ile uani kwetu tulikuwa watano: mimi, mke wangu, dada yangu mdogo ambaye ndiye kitinda mimba wa mama, shangazi yetu aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Majanji, na daktari kutoka Tororo. Nawataja wote kwa sababu baadaye yalisemwa mengi mtaani, na sitaki aongezwe mtu ambaye hakuwapo.

Gari la daktari lilipokata kona na kuingia kwetu, nilishtuka. Hakuwa amewahi kufika nyumbani. Miaka yote sisi ndio tuliokwenda kwake. Nilidhani kuna kipimo kimeonyesha jambo, na amekuja mwenyewe kwa sababu jambo lenyewe halisemeki kwa simu. Mke wangu aliwaza hivyo hivyo. Alileta kiti, akasahau kukiweka chini, akabaki amekishika.

"Kaeni, hakuna mgonjwa," daktari alisema. "Nimewaletea habari njema."

Inabidi nieleze ugonjwa wenyewe. Baba alitangulia kufa, kisha mama, nami nikaacha shule darasa la sita, nikajifunza kuziba tairi za malori yanayopanga foleni hapa Busia kungoja kuvuka mpaka. Dada alikuwa bado mdogo. Alipoanza kuanguka na kutokwa na povu, watu walisema ni kifafa, wengine wakasema mama anamwita. Siku moja alianguka jikoni, mkono wa kushoto ukaingia motoni. Kwetu watu huogopa lile povu, wanasema likikugusa nawe unaupata. Nilikuta wanawake wamesimama mlangoni wanalia na hakuna aliyeingia. Nilimtoa mimi. Vidole viwili vilishikana, na hivyo ndivyo vilivyo mpaka leo.

Daktari huyu ndiye aliyetuambia kwamba hakurogwa. Ni tegu, alisema, ule mnyoo wa nguruwe; mayai yake yalimwingia kwa chakula au maji machafu, wadudu wakaenda kukaa kwenye ubongo. Alimtibu mpaka kuanguka kukakoma. Hakutaka malipo. Nilipomuuliza nimfanyie nini, alicheka akasema nimrudishe mtoto shule.

Kwa hiyo mbele yake mimi si mtu wa kusema hapana.

Habari njema ilikuwa hii: alikuwa ameandika makala juu ya ugonjwa wa dada, na jarida moja la madaktari la ng'ambo lilikuwa tayari kuichapisha, ila mhariri alitaka kwanza karatasi ya ridhaa. Aliitoa mkobani, akanipa na kalamu.

"Weka sahihi hapa, ndugu yangu. Wewe ndiye baba yake."

Nikaishika kalamu. Kwetu mkubwa ndiye husema kwa niaba ya nyumba. Nilimwekea dada sahihi shuleni, kanisani, hospitalini, na sikuwahi kumuuliza. Wala yeye hakuwahi kutarajia kuulizwa. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi shangazi alipokohoa.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Sisi hapa Kizungu hatusomi. Musawo, tusomee hiyo kitu inasema nini." Shangazi humwita kila daktari musawo, hata yule wa mifugo.

Daktari alitusomea kutoka kwenye simu, akitufasiria polepole. Jina la dada halikuwamo. Kulikuwa na msichana yatima wa mji wa mpakani, aliyelelewa na kaka yake fundi wa tairi za malori, katika nyumba inayofuga nguruwe. Kisha akatuonyesha picha. Macho yalikuwa yamefunikwa kwa mstari mweusi. Mkono ulikuwa wazi, na vile vidole viwili.

"Mnaona? Nimemficha."

"Umemficha nani?" shangazi alidakia. "Huyu ata mbuzi wangu wa Majanji atamjua! Umefunika macho, umeacha mkono. Sasa si ungefunika mkono, uache macho?"

Mke wangu alianza kucheka, akaacha katikati. Sote tulikumbuka jambo lile lile. Dada alikuwa ameposwa na kijana wa Sop Sop. Kabla mahari haijazungumzwa, ukoo wa mume humtuma mama mmoja, kimya kimya, aulizie habari za nyumba ya binti: kuna wazimu pale? kuna kifafa? Mama huyo alikuwa ameshaonekana soko la Busia, ananunua vitunguu kidogo kidogo kwa kila muuzaji na kuuliza habari zetu. Isitoshe, kijana mmoja wa ukoo wao alikuwa anasomea uuguzi, na wanafunzi hao husoma makala kama hizi. Mchumba mwenyewe alijua tu kwamba dada aliungua utotoni. Kwa nini aliungua, hakuwa ameambiwa.

"Lakini si inachapishwa huko ng'ambo?" mke wangu aliuliza.

"Ng'ambo iko ndani ya simu, wifi," dada alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu gari liingie. Akamgeukia daktari. "Mhariri anataka sahihi ya nani?"

Daktari aliitazama karatasi. "Ya mgonjwa. Kama ni mtu mzima."

"Mimi ni mtu mzima."

"Ni kweli. Nilidhani kaka yako..."

"Na hii picha, nani alikuruhusu?"

"Kaka yako aliweka sahihi, wakati ule."

Niliikumbuka karatasi ile. Dada alikuwa amelazwa kitandani hajitambui, na kama wangenipa karatasi ya kuuza figo yangu ningeweka sahihi vile vile. Daktari alieleza kwamba aliituma kwa mhariri, na mhariri akamjibu kuwa ruhusa ya kutibu mtu si ruhusa ya kumchapisha. Niliwaza: mimi ambaye sijafika hata Nairobi, sahihi yangu imefika ng'ambo na watu wamekaa kuijadili.

Kisha daktari akavua miwani. "Kuna jambo jingine. Toleo la kwanza la makala lipo mtandaoni. Kuna mahali ambapo watafiti huweka kazi zao kabla hazijahakikiwa. Niliiweka huko."

"Na picha?" niliuliza.

"Na picha."

Sijui kama mtu anaweza kuhisi uwanja wa nyumba yake umeondolewa ua. Nilitazama barabarani, nikawaona watu wanapita na simu zao mkononi kama siku zote, na kila mmoja nilimwogopa.

Daktari hakujitetea sana. Alisema madaktari wengi wanatibu kifafa bila kutafuta wadudu, na kwamba kuna watoto wengine wanaanguka kwenye moto wakati sisi tunazungumza. Alisema pia kwamba makala ile ingempandisha cheo. Nilimheshimu kwa kusema yote mawili.

"Huwezi kuiandika bila mkono?" dada aliuliza. "Bila kaka, bila malori?"

"Nikiyatoa hayo yote, wahakiki watasema haina uzito. Lakini nitawauliza."

"Basi leo iondoe. Mimi sisemi hapana ya milele. Kwanza nakwenda Sop Sop, nimwambie kwa mdomo wangu. Kama ni kunikataa, anikatae baada ya kunisikia mimi."

Hapo hofu yangu ikageuka ikawa nyingine. Je, daktari akikasirika? Ugonjwa ukirudi, nitambeba dada nimpeleke kwa nani? Nilitaka kumwambia dada apunguze ukali, nilitaka kumwomba daktari radhi. Badala yake nilimrudishia kalamu yake na karatasi, nikasema, "Daktari, umemsikia mwenyewe."

Hakukasirika. Aliandika pale pale kwa simu kuomba makala iondolewe, akizunguka uani kutafuta mtandao, shangazi akimwelekeza, "Huko karibu na banda inashika." Aliondoka bila kula.

Dada na shangazi walipanda bodaboda kwenda Sop Sop siku hiyo hiyo. Mimi nilikwenda kazini, nikaziba tairi moja vibaya, dereva akanitukana mbele ya foleni nzima, nami nikashukuru kuwa na kitu kingine cha kufikiria. Waliporudi, dada alikuwa amelia lakini uso ulikuwa umetulia. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atawaambia watu wake yeye mwenyewe.

Baadaye watu wake walikuja kwa mahari, wachache kuliko tulivyopikia. Wazee wawili wa ukoo wao walikataa kuja, na mpaka leo hawali chakula alichopika dada. Mengine yalikwenda vizuri.

Makala iliondolewa. Dada hutafuta kwenye simu mara kwa mara, na ukurasa unasema tu kwamba imeondolewa na mwandishi. Kama kuna mtu aliyeihifadhi picha kabla, daktari mwenyewe hawezi kujua. Cheo hakukipata. Dada akienda kupimwa bado anampokea kama zamani, na hajawahi kuitaja karatasi ile. Mara ya mwisho nilipomsindikiza, kwenye benchi palikuwa na mama na mtoto aliyefungwa bandeji mkono mzima. Nilimuuliza yule mama ni nini. "Huanguka," alisema, akatazama pembeni.

Njiani nilimwambia dada juu ya mtoto yule. Akasema anajua makala itawasaidia watoto kama huyo, atasaini, ila asomewe neno kwa neno kwanza, na si sasa, kwa sababu ya wale wazee wawili na kwa sababu ana mimba. Sikumsukuma. Madeni yote ya nyumba hii nimeyalipa mimi tangu mama afe, lakini hili, la daktari na la watoto kama yule, ni la mkono wake, siwezi kumlipia, na bado halijalipwa.