Sahani ya Papa na Mizani Nane

Likizo hii binti yangu wa darasa la tano alirudi na kazi mbili za nyumbani: atunge shairi moja, na aandike shajara kila siku mpaka shule ifunguliwe. Siku ya nne aliniletea daftari nione. Siku ya kwanza kaandika: "Leo niliamka, nikapiga mswaki, nikanywa chai, nikacheza, nikalala." Siku ya pili ni hivyo hivyo, ila chai ilikuwa na chapati. Siku ya tatu kaandika: "Kama jana." Nilicheka mpaka akaninunia. Kisha nikaacha kucheka, maana nilimsikia bibi yangu kabisa, kwa sauti yake ile kavu, akisema hata kuku huamka.

Nyumba ya bibi mzaa mama ilikuwa mtaa wa Mabawa, yenye ua wa nyuma, jiko la kuni na mpera mmoja uliokuwa ukizaa ovyo. Mimi na dada yangu tulipelekwa kwake kila likizo. Bibi hakukanyaga shule ya serikali hata siku moja. Alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na herufi za huko ndizo alizoandikia Kiswahili chake, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa wino wa buluu. Alikuwa na madaftari mawili. La mashairi lilikaa juu ya meza ya redio, na yeyote aliyetaka alisomewa. La pili aliliita la siku, na hilo aliliviringisha ndani ya kanga kuukuu akalifungia sandukuni. Alisema la kwanza ni la watu na la pili ni la mwenyewe. Kanuni hiyo aliirudia mara nyingi mno, na mimi ndiye niliyeivunja.

Masomo yake yalianza baada ya sala ya alasiri. Tunatandika mkeka uani, yeye anaanza kutoa kunde kwenye maganda, nazi imeshakunwa na harufu yake imejaa, na huko barabarani muuza mikate anapiga kengele ya baiskeli. Bibi anasoma ubeti mmoja polepole, anaurudia, halafu anatutazama. Hakutuuliza maana yake ni nini, kama walimu wetu walivyouliza. Alituuliza utamu uko wapi. Mara ya kwanza nilijibu kuwa wote ni mtamu, akaniambia anayesifu chakula chote hajala. Basi ikabidi nitafute neno lenyewe, nilishike, niseme hili hapa. Halafu anauliza huyu mtunzi alikuwa amekaa wapi alipotunga, jikoni au barazani, ameshiba au ana njaa, na lazima umwonyeshe ni wapi shairi limesema hivyo. Dada yangu siku zote aliwaona watunzi wana njaa. Nadhani ni yeye aliyekuwa nayo.

Tulipoanza kutunga wenyewe alitupa ungo. Kila silabi ni punje moja ya kunde, na mstari wa mtoto una punje nane. Tunatamka na kuweka, tunatamka na kuweka. Silabi ikizidi, bibi anaiokota ile punje na kuitupa sufuriani, nasi tunaanza upya. Magharibi ikiingia, mashairi yetu yote yanapikwa kwa tui zito na kuliwa, mazuri na mabaya.

Nasi alitupa kila mmoja daftari lake la siku, nalo lilikuwa na sheria zake. Kuamka, mswaki na kulala vilipigwa marufuku. "Andika kitu ambacho usipokiandika wewe, hakuna wa kukiandika," alituambia. Hakufungua madaftari yetu hata mara moja. Alitazama tu kwa mbali kama mkono unakwenda, na ukisimama sana alikohoa.

Sasa nikujulishe kwa jirani. Nyumba yake na ya bibi zilitenganishwa na ua wa makuti. Alikuwa Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri. Mumewe alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, na alipofariki mama huyu akahamia mjini akawa fundi cherehani. Jumapili tulimsikia akiimba nyimbo za kanisani huku anapiga pasi. Jioni nyingi alivuka kuja kukaa na bibi, akiwa na nguo ya kupinda mkononi, na wawili hao wangeweza kukaa saa nzima bila kuongea na wasichokane. Bibi alimwita mwanangu, na hakuwaita hivyo watu wengi.

Kila Ijumaa bibi alipika papa mkavu kwa tui, bizari na ndimu, na harufu yake ilikwenda mpaka mtaa wa tatu. Sahani ya kwanza kupakuliwa ilikuwa ya jirani: sahani ya bati nyeupe yenye maua ya buluu, imefunikwa kitambaa. Mimi ndiye niliyeipeleka. Na kama ujuavyo kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Hii ilirudi na makande, au maharage, au matunda ya milimani alipotembelewa na nduguze, pamoja na salamu zilezile: mwambie bibi ataninenepesha. Bibi akiletewa maneno hayo alijifanya hakusikia, lakini alipenda.

Ijumaa moja, baada ya kupeleka sahani, nilipanda mpera kutafuta mapera yaliyoiva. Toka juu nilimwona jirani anatoka nyuma ya jiko lake, anatazama huku na huku, anamwaga papa wetu chini ya banda. Paka wake wala hakushangaa. Alikuwa ameshakaa tayari, kazoea.

Niliyaandika yote katika daftari langu la siku, mpaka jinsi jirani alivyojiziba pua kwa upindo wa kanga. Nilijua nimeandika kitu kizuri. Hapo sikukosea. Nilikosea wiki iliyofuata, bibi alipotuambia tutunge ubeti juu ya jambo tuliloliona kwa macho yetu. Nikaenda kuchota kulekule.

Jumamosi hiyo akina mama wa mtaa walijaa uani kuchagua mchele wa harusi. Nyungo zilikuwa kama kumi, maneno mengi, na bibi kwa kujivuna kidogo akasema wajukuu zake wana mashairi. Dada yangu akasoma la mvua, wakampigia vigelegele. Nami nikasimama, jirani akiwa mbele yangu kabisa na ungo wake mapajani, nikasoma kwa sauti kubwa:

Jirani kapewa papa,
Nyuma ya jiko katupa,
Paka kala na mifupa,
Kasema: nimenenepa.

Walicheka. Walicheka mno, mmoja mpaka akamwaga mchele. Nami nilifurahi, nikadhani ni ushairi wangu. Kisha nikamwona jirani ameinamisha uso, anatafuta mawe kwenye mchele uliokwisha kuchaguliwa. Baadaye kidogo akaweka ungo chini, akaaga, akaenda kwake. Bibi alikuwa akitazama mikono yake.

Jioni aliniita mkekani, akanitaka niurudie ule ubeti huku nikiweka kunde. Nane, nane, nane, nane. Vina vilikuwa sawa. Alizikusanya punje zote kwenye kiganja.

"Papa hana mifupa," alisema. "Kina ndicho kilichokutia uongo. Na ule ukweli uliobaki ulikuwa wa daftari la siku."

Kabla hatujanyanyuka nikasikia hodi. Jirani alikuwa mlangoni na sahani ya Ijumaa. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akasema nimpe bibi na kumshukuru, akageuka. Nikainua kitambaa. Sahani ilikuwa tupu, imeoshwa, imefutwa ikakauka. Nilimpelekea bibi hivyo hivyo. Aliishika muda mrefu, akaitia kabatini badala ya kuirudisha kwenye kichanja cha vyombo.

Ijumaa iliyofuata alipika papa, akatupakulia sisi, yeye hakula. Jioni alikaa mkekani peke yake na kunde zake, na ng'ambo ya ua wa makuti cherehani ililia bila kupumzika. Sauti ile iliniuma kuliko fimbo. Bibi hakunipiga wala hakunigombeza, na ningelipenda afanye kimojawapo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na nilielewa vizuri kabisa kwamba nimemnyang'anya bibi yangu rafiki yake, kwa punje thelathini na mbili.

Nilimwomba anisaidie kutunga shairi la kuomba radhi. Akakataa. Akasema mdomo wangu ulikwenda wenyewe na utarudi wenyewe. Nilikaa na ule ungo siku tatu. Nilijaribu maneno makubwa ya majuto niliyoyasikia kwenye redio, yakazidi mizani, nikayatupa sufuriani. Siku ya tatu nikaacha kutafuta maneno makubwa. Nikamwomba bibi anipikie kunde kwa nazi na anipe ile sahani. Aliitoa kabatini bila kuuliza inakwenda kwa nani, akaijaza mpaka ukingoni.

Jirani alikuwa kwenye cherehani, miguu juu ya kanyagio. Sikukaa. Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni, karatasi nimeiweka juu ya sahani:

Mama, nimekukosea,
Sahani nakuletea,
Papa sijakuwekea,
Rudi kwetu kutembea.

Akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye meza.

"Nilipohamia hapa sikumjua mtu," alisema. "Hii ndiyo sahani ya kwanza kuingia nyumba hii, na ilikuwa na papa. Mwanangu, ningeanzaje kusema siwezi kumla?"

Alichukua kijiko, akaonja kunde, akala nyingine, akala mpaka nusu ya sahani huku mimi nimesimama. Nilirudi nyumbani mbio.

Kesho yake baada ya alasiri mlango wa uani ukafunguka. Jirani aliingia na sahani, imejaa makande, na juu ya kitambaa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ametunga ubeti. Bibi akaniambia niusome na niuwekee kunde. Mstari wa kwanza ulikuwa na punje tisa, wa pili kumi na moja, wa tatu sikumbuki, na hakuna kina kilichofanana na mwenzake. Ulisema kwamba mtoto haogopi, na bibi yake amsamehe mtu mzima aliyeogopa. Safari hii bibi hakutupa punje hata moja sufuriani. Aliuliza tu utamu uko wapi, nami nikasema uko pale kwenye kuogopa, naye akasema ndipo.

Kisha akaonja makande, akaweka kijiko chini. "Na mimi nikwambie, mwanangu. Makande yako miaka yote hii nayarudisha jikoni, nayatia tui."

Jirani alimtazama, halafu akanitazama mimi. Ilikuwa kweli, mimi na dada tuliijua siku zote, maana sisi ndio tuliokuwa tukikuna hiyo nazi. Walianza kucheka taratibu, kisha ikawa hawawezi kuacha, bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Alisogea mkekani akampa nafasi, akamsukumia ungo. Toka siku hiyo tukawa wanafunzi watatu. Ijumaa sahani ilikwenda na kunde au kuku, na makande yalikuja yamechemshwa tu, hayajaungwa, bibi ayamalizie apendavyo. Jirani hakuwahi kuzipatia mizani nane, lakini hakukosa siku.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Jirani alizeeka, watoto wake wakaja kumchukua kumrudisha Lushoto, na ua wa makuti ukawa ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu. Mpera ulikatwa kupisha tangi la maji. Mimi nakaa mtaa wa Nguvumali, na vyakula vya watu hupita mbele ya nyumba yangu kwenye mifuko, juu ya pikipiki, vikienda kwa waliovilipia. Sisemi kwamba maisha ni mabaya, maana nala vizuri na nalala vizuri. Lakini naikumbuka sahani inayotembea mchana kweupe, imefunikwa kitambaa, mtaa mzima unajua inakotoka na inakokwenda.

Sahani yenyewe ninayo, imebanduka rangi ukingoni. Madaftari ya bibi pia ninayo. La mashairi nimelisoma lote, kwa taabu, maana herufi za chuoni zimeanza kunikimbia. La siku bado limo ndani ya kanga yake. Natamani sana kujua aliandika nini ile jioni sahani iliporudi tupu, na sijalifungua.

Haya yote nilimsimulia binti yangu, kisha nikamnunulia daftari la pili. Nikamwambia moja ni la mwalimu na jingine ni lake. Akafikiri, halafu akaniuliza kama yule mama mwenye geti jeusi, jirani yetu, anakula papa. Nikafungua mdomo kujibu, nikaona sijui. Miaka mitatu tumepakana ukuta, na sijui hata kama anakula pilipili.

Jana ilikuwa Ijumaa. Nilipika kunde kwa nazi, nikaitoa ile sahani, nikaifunika kitambaa. Binti yangu akaibeba kwa mikono miwili, nikasikia anabisha hodi kwenye geti, likafunguka. Alikaa huko muda. Aliporudi alivua viatu mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye daftari lake la pili, akaandika ukurasa mzima, na nilipopita nyuma yake akaufunika kwa mkono.

Sikumuuliza. Na sahani bado haijarudi.