Betri Juani, Kitambaa Juu ya Redio

Nyinyi mliokulia Koboko wakati mmoja nami, hebu kumbukeni vitambaa. Siku zile nyumba haikuhesabiwa kuwa nyumba mpaka kila kitu cha maana kiwe kimefunikwa. Viti vya mbao vilikuwa na vitambaa vyao mgongoni, chupa ya chai ilikuwa na chake, mtungi wa maji ulipambwa kama bibi harusi, na redio ndiyo iliyopata kile kikubwa kuliko vyote. Mama alikifuma mwenyewe kwa sindano ya kroshia, nyuzi nyeupe na maua ya rangi ya chungwa, akawa nacho mapajani tangu kupanda karanga mpaka kuvuna. Hatukuruhusiwa kukigusa. Mtoto akipita karibu na meza na kikombe cha uji, Mama alisema neno moja tu: "Kitambaa!" Mikono yote ikarudi nyuma.

Redio ile ilikula betri kama sisi tulivyokula anyoya shuleni, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha tuliyoyapigania kwa vifuniko vya makopo. Ikianza kukohoa, Baba alizitoa betri, akaziuma moja moja kwa meno ya nyuma, kisha akatutuma tuzianike juani. Tulizipanga mkekani kando ya muhogo. Kuku wakija tulizikinga betri kwanza, muhogo baadaye. Jioni redio ilisema tena, na Baba akaniambia, kama mtu anayenikabidhi urithi, "Kitu kikichoka, kipe joto." Nikaamini. Nina hakika hata nyinyi mliamini.

Nayasema haya kwa sababu mafundisho hayo mawili, la joto na la kitambaa, nusura yaniaibishe mbele yenu nyote.

Mnanijua. Mimi sikubebwa na mjomba wala na serikali. Niliondoka Koboko na mfuko wa nailoni, nikabeba magunia sokoni Juba, nikafyatua matofali, nikajilipia chuo Nairobi mwenyewe mpaka nikapata diploma ya ufundi wa kompyuta. Diploma hiyo imetundikwa ukutani kwangu hapa Oli, mtaa wa Arua, mahali ambapo mgeni akiingia ataiona kabla hajaona kiti. Niliporudi kutoka Nairobi nilikaa hapa Arua, nikajiundia kompyuta kwa vipande vya mitumba: kasha la chuma lililotupwa na ofisi fulani, na ndani yake kadi ya picha, ile sahani nene yenye feni mbili inayochora kila kitu unachokiona kwenye skrini. Nakata video za harusi na mazishi kwa mashine hiyo. Mtaa mzima unaniita Injinia, nami sijawahi kumsahihisha mtu. Mama alipofariki, dada yangu Poni alichukua mitungi, mimi nikachukua kitambaa cha redio. Kompyuta ilipokamilika nilijua mara moja kitambaa kile kitakaa wapi.

Basi mlipopanga tukutane Koboko Jumamosi ile, na binti yake Mwalimu Wani, aliyetufundisha darasa la nne, akatuandikia kwamba macho ya baba yake yanafifia, kwamba sasa anaona vitu vikubwa tu na hajui mpaka lini, ni mimi niliyejibu kabla ya wote. Nilisema nitatengeneza filamu. Nyuso zetu zote, za darasa la nne na za leo, zitaonekana ukutani kubwa kama mlango, ili Mwalimu atuone mara moja zaidi. Niliandika pia kwamba hakuna mashine inayonishinda. Maneno hayo bado yamo kwenye kundi letu la simu, hayafutiki.

Jumatatu nikaanza kazi. Filamu ilipofika nusu, feni zililia kama jenereta, halafu skrini ikawa nyeusi. Niliwasha tena, ikawa nyeusi tena. Nikafungua ubavu wa kasha, nikaigusa kadi, nikarudisha kidole upesi. Sikubabaika, nimesomea. Nilipuliza vumbi jekundu lililojazana kwenye feni, nikang'oa kadi, nikafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama ugoro, nikapaka mpya kiasi cha punje ya dengu. Nikaijaribu kasha likiwa wazi. Ikafanya kazi saa nzima, tulivu kama mtoto aliyeshiba. Nikafunga ubavu, nikapanga meza vizuri, nikaanza filamu upya. Nyeusi.

Hapo kichwa changu kikaanza kuvurugika. Nikifungua, inapona. Nikifunga, inakufa. Kama inapona kwa kuniogopa, mbona inakufa nikiwa nimekaa mbele yake? Nilikwenda mjini kwa muuza vipuri ambaye husema neno lake la mwisho kabla hujamaliza swali.

"Injinia, RAM yako iko kidogo. Ongeza."

Nikaongeza kumbukumbu hiyo ya mashine. Faili zilifunguka haraka zaidi, ndiyo, na kompyuta ikazimika haraka zaidi. Nikarudi.

"Basi hiyo kadi iko mzee. Chukua mupya, ile inakula umeme kidogo."

"Mzee kwani haponi?"

"Mzee anapona, Injinia, lakini hapana kukimbia."

Akacheka. Mimi nilisimama mbele ya kabati lake la vioo kama mtoto aliyetumwa chumvi akasahau ametumwa nini. Uwezo wangu uliobaki ulitosha kitu kimoja tu. Kadi mpya ndogo? Diski ya kisasa, ambayo kila mtu aliniambia ni uhai mpya wa mashine kuukuu? Au feni ya kasha, kitu rahisi kuliko vyote? Kila nilichokishika kilionekana sawa na kila nilichokishika kilionekana kosa. Mwishowe diploma ikasema: kama tatizo ni joto, nunua upepo. Nikachukua feni, nikaifunga darini mwa kasha ivute hewa moto iitoe juu. Nikajaribu kasha likiwa wazi, safi kabisa. Nikafunga. Nyeusi, tena kabla hata ya picha ya kumi.

Nitasema ukweli. Jumatano mchana nilitoka na kadi ile mkononi, nikaitazama, nikalitazama jua la Oli, na sauti ya Baba ikanijia. Nilirudi ndani upesi kabla jirani hajaniona.

Alhamisi akaja Poni kutoka Kuluba na karanga za kuuza sokoni. Alikaa kitini mwangu akimenya, akinitazama nikifungua na kufunga kama mtu anayetafuta mbuzi ndani ya debe. Sikumweleza. Poni hajasoma hata mwaka mmoja wa sekondari. Nikamaliza, nikafunga ubavu, nikaufuta, nikatandaza kitambaa, nikawasha.

"Ngoja," akasema. "Ile feni mupya umeweka wapi?"

"Juu. Inatoa joto nje."

"Nje wapi?"

"Nje hapa!" Nikaonyesha. Kidole changu kikagusa ua la rangi ya chungwa.

Poni hakucheka mara moja, alitema ganda kwanza. Kisha akacheka mpaka karanga zikamwagika.

"Injinia wa Nairobi! Mutu ukimufunika pua na mudomo, atapumua wapi?"

"Lakini Mama alifunika redio maisha yake yote," nikasema, na nilisikia sauti yangu ikiwa ya mtoto.

"Mama alikuwa nafunika redio kama iko nalala. Kama nataka kusema, yeye natoa kitambaa kwanza. Wewe ulikuwa naangalia redio tu, hapana mukono ya Mama."

Nilikaa chini. Nilijaribu kuuona mkono huo. Naiona redio, nauona mwanga mdogo wa namba zake, nasikia taarifa ya habari ikianza. Mkono siuoni. Katika kumbukumbu yangu kitambaa hakijawahi kuondoka pale. Sasa sijui ni mangapi mengine ninayoyakumbuka hivyo, nikiwasimulia wanangu kwa kujiamini.

Filamu iliisha Ijumaa asubuhi, kasha likiwa limefungwa, kichwa wazi bila kitambaa. Mliiona wenyewe. Mlimwona Mwalimu akiinuka kitini, akiusogelea ukuta mpaka pua ikakaribia kuugusa, akitutaja mmoja mmoja. Uso wangu ulipofika aliuwekea kiganja shavuni, akasema, "Huyu! Nilikuwa nasema angalia ubao, yeye anaangalia chaki." Mlicheka sana. Poni, niliyekuja naye, alicheka kuliko nyote, na nyinyi hamkujua kwa nini.

Vijana wa siku hizi hawafuniki kitu. Simu zao zinalala uchi kwenye vumbi, na zikichemka wanazipuliza kama uji, halafu wanaomba nyingine. Enzi zetu kitu kimoja kilidumu mpaka kikapata jina nyumbani. Tulidhani ni kitambaa kilichokidumisha, au ni jua. Labda ilikuwa ni mtu aliyekuwa anaamka kutoka mkekani kila siku, anakitoa, anakirudisha, nasi hatukumtazama hata mara moja.

RAM ile bado imo, feni bado inavuma, kadi mzee bado anafanya kazi yake. Kabla ya kuwasha nakikunja kitambaa mara nne, nakiweka chini ya diploma. Nikizima naweka kiganja juu ya kasha, nasubiri lipoe kabisa, ndipo natandaza. Mtoto wangu akiuliza namjibu kwa Kiswahili cha kwetu: mashini iko nalala.